Bili za hospitali Marekani: tupeane uzoefu wa kuomba punguzo, na kile kianzio cha bima

Mzaramo_Houston: Wakuu, kuna mtu kwenye uzi wa kodi kalia na bili ya hospitali, nikakumbuka yangu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili. Kianzio changu ni dola 3,000, yaani natoa hizo mfukoni kwanza ndipo bima nayo ichangie. Dada wa mapokezi akaninong'oneza: ukipitisha bima ni 1,300, ukilipa taslimu bila bima ni 450. Nikatoa 450. Mwezi wa nane goti likapasuliwa, nawauliza bima, ile 450 hawaitambui, nikaanza sifuri. Hivi nilifaidi au nilipigwa? Tiririkeni.

shemeji_wa_wote: Kwangu ilikuwa vipimo vya damu. Vilevile kabisa.

Fundi_Hesabu: Umepigwa 450. Ungepitisha bima, ile 1,300 ingehesabiwa, ungebakiza 1,700 tu.

Kanda_ya_Ziwa: Fundi gani wewe? Baada ya kianzio si bado anachangia asilimia 20? Kwa njia yake, dola 1,300 nyingine za gharama ya goti ziliingia kwenye kianzio, akaokoa asilimia 20 ya hiyo 1,300, yaani 260 za mchango. Toa 260 kwenye 450, hasara ni 190. Na kama goti lisingepasuliwa, angekuwa kaokoa 850.

Fundi_Hesabu: Nani kakwambia anachangia 20?

Mzaramo_Houston: Ni 20 kweli.

MamaK_Minnesota: Mnabishania 190! Mama mkwe alikuja kunisaidia uzazi, akaanguka jikoni, kiharusi. Bima yake ya wageni ilikuwa ile ya bei chee, ukomo wake uliisha kabla hajatoka chumba cha mahututi. Bili ikaja dola 86,000. Mume wangu hakusema kitu, alikaa kwenye gari pale maegesho mpaka nikamfuata. Mama naye kitandani, mdomo umepinda, anasema, "Mwanangu, uzeni kile kiwanja cha Kisesa." Kiwanja cha Kisesa kwa dola 86,000! Nilicheka huku nalia. Simu ya bili wakaniambia msaada ni wa raia tu. Uongo. Afisa ustawi wa jamii wa palepale ndiye aliyeniletea fomu. Hospitali isiyo ya faida inabanwa na sheria iwe na utaratibu wa msaada, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Tukapeleka hati za mshahara, wakafuta karibu yote. Ila bili za madaktari zilikuja kivyake, na hao fomu ile haikuwahusu.

shemeji_wa_wote: Mama anaendeleaje?

MamaK_Minnesota: Yuko Mwanza, anatembea na mkongojo, anagombeza watu.

Tabata_Finest: Huku tunachangishana WhatsApp, nyie wa dola mnalia?

Kanda_ya_Ziwa: Anzisha uzi wako.

Nesi_Columbus: Pitisha bima KWANZA. Subiri karatasi yao ya maelezo, ambayo sio bili, kisha omba mchanganuo wa kila huduma, ndipo uombe punguzo. Mara nyingi kiasi hicho huwa kimeshahesabiwa kwenye kianzio.

Fundi_Hesabu: Hospitali yenye mkataba na bima haiwezi kufanya mazoea ya kusamehe watu kianzio, huo unaweza kuhesabika utapeli kisheria.

Nesi_Columbus: Mazoea, ndiyo. Asiyejiweza anasamehewa.

Jogoo_la_Shamba: Mimi silipi, nawaachia.

Nesi_Columbus: Utauzwa kwa wakusanya madeni. Na wewe MamaK, tangu Januari 2022 wenye bima za kawaida, sio za wageni, wanakingwa na bili za kushtukiza za dharura, hata hospitali ikiwa nje ya mtandao wa bima, yaani haina mkataba nayo. Gari la wagonjwa ndilo halimo. Helikopta imo.

Jogoo_la_Shamba: Kwa hiyo nikizidiwa niite helikopta?

Mzaramo_Houston: 😂 Nesi, daktari kataka MRI nyingine. Nilipe taslimu au bima?

Nesi_Columbus: Kianzio si umeshamaliza? Bima, na kabla ya Desemba kuisha. Januari hesabu ya kianzio kwa bima nyingi inarudi sifuri.

Tabata_Finest: Taslimu. Dada wa mapokezi bado anakunong'oneza.