Mrejesho: swingamu ndefu, rimu za sporti na diski ya mbele

Wakuu, narudi na mrejesho. Mwezi uliopita niliuliza kama pikipiki yangu, Boxer 150, inaweza kufungwa swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma) ndefu, rimu za sporti badala ya zile za spoku, na breki ya diski mbele. Inawezekana, ila mfuko utatoboka.

Swingamu iliingia kwa kubadili bushi tu. Balaa lilikuwa kwenye cheni. Nilipolaza rula ndefu kwenye sproketi ya nyuma, ilipishana na ya mbele kwa milimita 6. Fundi akataka kubandika washa (vile vipete vya chuma vya kwenye bolti), eti "itajinyoosha yenyewe". Nikagoma, tukaenda kwa mkereza vyuma akachonga spesa mpya, kile kipande cha kujazia nafasi ili sproketi zikae mstari mmoja. Shokapu nazo zikalala, maana tairi likirudi nyuma mzigo unapata wenzo mrefu wa kuzibonyeza. Nimefunga zenye springi ngumu.

Breki ndiyo iliyonitoa jasho. Nilinunua masta silinda (pampu ya mafuta ya breki pale kwenye usukani) ya mtumba yenye pistoni ya milimita 16, ya pikipiki ya diski mbili. Mkono wa breki ukawa mgumu kama nabana ubao, na chombo hakisimami! Yule aliyeniambia pistoni ndogo ndiyo inayokandamiza zaidi nilimbishia sana. Mkuu, naomba radhi. Nimeweka ya milimita 12.7, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, sasa vidole viwili vinatosha.

Mita ya spidi bado imekufa, kwa sababu rimu mpya haina gia ya kuzungusha kebo ya mita.