Barua za dondoo za kompyuta zimegeuka gulio la matangazo: tuhamie wapi?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Ninaendesha steshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kwa miaka mingi darasa langu lilikuwa zile barua za dondoo za kompyuta zinazotumwa kwa barua pepe. Zamani barua moja ilishika tatizo moja na kulieleza kuanzia chanzo hadi tiba. Chukueni mfano wa flashi ambayo mafaili yake yote yamegeuka shotikati, kero ambayo wanafunzi wanaokuja kuchapa ripoti huniletea kila mara. Barua ya wakati ule ilifafanua kwamba kirusi hakijafuta kitu bali kimeyaficha mafaili, na kwamba ukishakisafisha, amri ya attrib -h -r -s /s /d ikiandikwa kwenye Command Prompt (dirisha la amri la Windows) ukiwa ndani ya flashi hiyo itayafichua.

Siku hizi unafungua barua yenye kichwa cha kelele, picha nzito zinakula bando, na katikati ya matangazo unakuta aya mbili zinazokusukuma ununue programu ya kusafisha rejistri (hazina ya mipangilio ya Windows), ilhali Microsoft wenyewe wametamka kwamba hawaungi mkono programu za aina hiyo, kwa kuwa zinaweza kuvuruga mfumo hadi ulazimike kusakinisha Windows upya. Toleo jingine lilishauri kudifragi SSD kila wiki, yaani kukusanya upya vipande vya mafaili kwenye diski isiyo na sehemu inayozunguka! Huo ni ushauri wa enzi za diski zinazozunguka. SSD haina kichwa cha kusomea kinachohangaika kutafuta vipande, na kuiandika-andika bure ni kuipunguzia umri.

Kilichonichosha kabisa ni suala la Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta nyingi za mtumba tunazotumia huku hazina TPM 2.0 (chipu ya usalama) wala prosesa inayokubaliwa na Windows 11, na jibu la waandishi hawa likawa ni kununua laptop mpya kupitia kiungo kinachowapa kamisheni. Hawakutaja kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kujiandikisha apate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, wala kwamba Linux Mint, mfumo endeshi mbadala wa Windows, ni ya bure na inakwenda vizuri kwenye mashine za zamani. Mwenye steshenari wa Tukuyu au Makambako anayeishi kwa kuchapa mitihani ya shule za jirani atazitoa wapi fedha hizo?

Kwa sasa nimejiondoa kwenye barua zote na ninasoma kurasa za msaada za Microsoft pamoja na mwongozo wa Linux Mint. Ni vyanzo safi, ila vinamfaa mtu anayejua tayari anachouliza, wakati barua nzuri ilikuwa ikikufundisha jambo ambalo hata hukuwaza kuliuliza.

Anayefahamu barua ya maandishi matupu, inayoandikwa na fundi anayezigusa mashine zenyewe, aitaje hapa. Kulipia niko tayari.