Soneti ya 18 ya Shakespeare, mizani 10 au 9?

kijana_ubungo:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Tumepewa kazi ya kuchambua umbo la Soneti ya 18, ile mpenzi anayelinganishwa na siku ya kiangazi, nami nikaanza kuhesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, kama tulivyozoea kwenye mashairi yetu. Mshororo wa kwanza 10, wa pili unaoishia na temperate kila nikiusoma napata 9, na vina vya kati sivioni kabisa. Sasa niandike ni shairi guni, yaani lenye kasoro za vina na mizani, au?

babu_tarbia:
Siyo guni mjukuu wangu. Hilo neno siku hizi watu wanalikimbiza, "tempret", silabi moja inamezwa, we litamke lote tem-pe-rate 10 inatimia. Angalia na "dimm'd" mshororo wa 6, kile kialama cha juu kinakukataza kuitamka -ed kama silabi ya peke yake maana ungefika 11. Kwetu hiyo ni inkisari kabisa, kufupisha neno ili mizani itoshe. Vina vya kati usivitafute, soneti haina ukwapi na utao, yaani mshororo haukatwi vipande viwili, ina vina vya mwisho tu vinavyopishana, abab cdcd efef (herufi ikijirudia ujue kina ni kilekile), halafu mishororo 2 ya mwisho gg, jumla 14.

dada_kigamboni:
Ukiishia kwenye kuhesabu silabi umechambua nusu tu mdogo wangu. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, mshairi hahangaiki nao, ila Kiingereza unahamahama ndo maana zile silabi 10 zimepangwa jozi 5, nyepesi nzito, nyepesi nzito. Soma kwa sauti huku unagonga meza kwenye nzito. Ukifika mshororo wa 3, "Rough winds", mkono unagonga mara mbili mfululizo, mapigo yanavurugika palepale upepo mkali unapotajwa! Mi hapo ndo napapenda kuliko pote.

kijana_ubungo:
Shikamoo babu, asante sana dada, nimegonga na kweli nimesikia. Hiyo mishororo 2 ya mwisho naweza kuiita kibwagizo?

babu_tarbia:
Marahaba. Hapana, kibwagizo kinarudiwa kila ubeti, hiyo inakuja mara moja tu kufunga hoja. Na usiuruke mshororo wa 9 unaoanza na But, juu ya hapo zinasemwa kasoro za kiangazi, kuanzia hapo anageukia kwa mpenzi ambaye uzuri wake haufifii. Hapo andika aya nzima.