Kuwatembelea wasanii vijijini wanapofungua karakana zao: mtu achague vipi, na aulize nini?

Swali

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kuwatembelea wasanii mahali pao pa kazi. Wasanii wa eneo moja la mashambani wametangaza kwamba watafungua karakana zao kwa wageni kwa siku mbili, na wametoa ramani inayoonyesha alipo kila mmoja: wafinyanzi, wachoraji, wachongaji wa mbao na mawe, wafumaji, na watu wanaochapa picha kwa mkono. Karakana hizo zimetawanyika sana, nyingine ziko mwisho wa njia ya vumbi na nyingine uani kwa mtu, wala sitaweza kuzifikia zote hata nikiondoka alfajiri.

Nawezaje kuchagua wa kuwatembelea, ilhali kazi zao sijaziona isipokuwa kwa picha moja ndogo iliyochapwa pembeni mwa ramani? Na nikifika, niulize nini? Mimi si msanii wala sikusomea sanaa, na sipendi kumchosha mtu kwa maswali aliyokwisha kuyajibu tangu asubuhi. Lakini linalonitatiza zaidi ni hili: je, ni utovu wa adabu kuingia mahali pa kazi pa mtu, kutazama kila kitu, kisha kuondoka mikono mitupu? Fedha nilizotenga zinatosha kitu kimoja kidogo, na ningependa kukichagua kwa utulivu, si kwa kumwonea haya aliyenikaribisha.

Jibu la kwanza

Mimi ni mfinyanzi, nami hupokea wageni katika siku kama hizo, kwa hiyo nitakujibu kama mwenyeji.

Usichague kwa picha. Picha ile inaonyesha kazi iliyokwisha, na kazi iliyokwisha unaweza kuiona popote inapouzwa. Kinachopatikana karakana peke yake ni kazi ambayo bado iko njiani. Kwa sababu hiyo, wapigie simu wasanii wachache siku kadhaa kabla, uwaulize watakuwa wamefikia wapi katika kazi yao siku hiyo. Atakayekuambia kwamba atafungua joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo, asubuhi, mwendee asubuhi hiyo, hata kama picha yake kwenye ramani haikukuvutia.

Naomba nieleze kwa nini saa ina maana kwetu. Chombo cha udongo hakiendi motoni siku kilipofinyangwa. Hukauka polepole, kwa siku kadhaa au hata wiki kadhaa kutegemea unene wake na unyevu wa hewa, kwa sababu maji yaliyobaki ndani yakipata moto wa ghafla hugeuka mvuke na kukipasua. Moto wa kwanza, kwa wengi wetu, hufika nyuzi 900 hadi 1000 za Selsiasi. Chombo kikitoka hapo huwa kigumu lakini bado kinanyonya maji, jambo unaloweza kulihisi ukikigusa kwa ncha ya ulimi. Ndipo hupakwa uji wa madini yaliyosagwa, ambao ukirudi motoni huyeyuka na kuwa ngozi ya kioo. Kwa vyombo vya udongo mgumu unaoshikana kama jiwe, moto huu wa pili hupanda hadi kati ya nyuzi 1200 na 1300. Kisha joko huachwa lipoe lenyewe, mara nyingi usiku kucha na sehemu kubwa ya siku inayofuata, kwa kuwa ubaridi wa ghafla huharibu kazi ya wiki nzima kwa dakika chache.

Ukimkuta mfinyanzi anafungua mlango wa joko vyombo vikiwa bado vuguvugu, nyamaza kidogo usikilize. Utasikia milio midogo mikali, mmoja baada ya mwingine, ikitoka kwenye rafu. Ile ni ngozi ya kioo inayojikunja zaidi kuliko udongo ulio chini yake, nayo hupata mtandao wa nyufa nyembamba ambazo wafinyanzi wengine huzitafuta kwa makusudi na wengine huziona ni kasoro. Hapo tayari una swali zuri la kuuliza: je, nyufa hizi ulizikusudia? Swali hilo hunifanya mimi nizungumze kuhusu udongo wangu, unakotoka na tabia zake, mambo ambayo hakuna picha inayoweza kuyaeleza. Uliza pia iwapo chombo kinafaa kwa chakula, kwa sababu si kila mpako unafaa, na fundi makini hatachukizwa na swali hilo hata kidogo.

Jibu la pili

Nakubaliana na mfinyanzi aliyetangulia, ila kwa sisi wachoraji jambo hili lina sura nyingine. Wageni wengi hutarajia kunikuta nikichora, nami siwezi kuchora huku watu wamesimama mgongoni. Ninachoweza kumwonyesha mtu ni nyenzo zangu, michoro ya majaribio, na zile turubai zilizoegemezwa ukutani zikiwa zimegeuziwa mgongo. Ukiziona, omba kwa upole uonyeshwe moja. Msanii anaweza kukataa, na kukataa kwake ni haki yake, lakini akikubali utaona picha ambayo bado anabishana nayo, na mazungumzo yatakuwa ya kweli kuliko mbele ya picha iliyokwisha kutiwa fremu.

Kuhusu maswali, karibu kila mgeni huuliza kazi ilichukua muda gani. Silichukii swali hilo, lakini jibu lake humpotosha msikilizaji, kwa sababu picha iliyochorwa kwa mchana mmoja huenda imetanguliwa na majaribio mengi yaliyotupwa. Afadhali uliza: ulibadilisha nini hapa? Katika rangi za mafuta mabadiliko mara nyingi huacha alama, na ukitazama kwa upande, mwanga ukiwa unatambaa juu ya turubai, utaona mwinuko wa mkono au paa la nyumba lililofutwa. Kila mchoraji anajua hadithi ya alama hizo.

Mimi pia huchapa picha kwa bapa la linoleamu, ile nyenzo laini ya kutandika sakafuni, na ukipata karakana ya namna hiyo naomba usiipite. Kuna njia ambayo bapa lilelile huchongwa kwa hatua: fundi huchonga kidogo, huchapa rangi nyepesi kwenye karatasi zote anazotaka, halafu huchonga zaidi na kuchapa rangi nyingine juu ya ile ya kwanza, na kuendelea hivyo hadi rangi iliyokolea kuliko zote. Mchoraji Picasso aliitumia sana kusini mwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa kuwa kila hatua huiondoa ile iliyotangulia, fundi akifika mwisho hawezi tena kurudi nyuma kuchapa nakala nyingine. Ndiyo maana chini ya picha utakuta maandishi ya penseli kama 7/40, maana yake ni nakala ya saba kati ya arubaini, na nambari ile inapaswa kuwa ahadi. Kwa mtu mwenye fedha za kitu kimoja kidogo, chapa ya namna hii ni chaguo zuri: ni kazi halisi ya mkono wa msanii, na kwa kawaida bei yake ni ndogo kuliko ya mchoro wa mafuta wa msanii huyohuyo.

Sasa suala la bei. Galari nyingi, yaani nyumba zinazoonyesha na kuuza kazi za wasanii, huchukua kamisheni ya kati ya asilimia 40 na 50, kwa hiyo wageni hudhani kwamba karakana ni lazima iuze kwa nusu ya bei. Msanii anayefanya kazi na galari kwa kawaida ameahidi kutouza chini ya bei yake, na akiivunja ahadi hiyo hupoteza mahali pa kuonyesha kazi zake mwaka mzima. Unaweza kuuliza kama kuna kazi ndogo zaidi, au michoro ya majaribio inayouzwa, na mara nyingi ipo kwenye droo. Lakini kumwomba apunguze bei ya picha iliyo ukutani ni kumweka mahali pagumu mbele ya wageni wengine.

Ukinunua mchoro wa mafuta, uliza ulimalizika lini. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kutoka, bali mafuta yenyewe huungana na hewa na kuganda, nayo huchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa kabla hazijaacha kunata. Vanishi ya mwisho kwa desturi husubiri miezi 6 hadi 12. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa uirudishe picha mwakani ikapakwe vanishi, na usiifunge kwa nailoni inayogusa uso wake.

Jibu la tatu

Mimi ni mgeni kama wewe, ila nimezoea safari hizi. Naona waliotangulia wamejibu vizuri kuhusu kazi yenyewe, basi mimi nitazungumzia mwendo na adabu.

Chukua karakana nne au tano kwa siku, usizidishe. Ramani huwadanganya watu, kwa sababu alama mbili zilizokaribiana kwenye karatasi zinaweza kutenganishwa na bonde au mto usio na daraja. Anzia mbali zaidi, ukirudi taratibu kuelekea ulikolala, kwa kuwa walio mbali hupata wageni wachache na watakuwa na nafasi ya kuzungumza nawe. Ushauri wa kupiga simu kabla ni mzuri, lakini usiwachague wote kwa njia hiyo. Acha angalau nafasi moja kwa karakana ambayo huijui lolote, ile utakayoiona kibao chake njiani.

Kama kuna mfumaji au mtia rangi vitambaa, mpe muda mrefu kuliko unavyodhani unahitajika. Wageni humwona mfumaji akipitisha mshindio, yaani uzi unaokwenda kwa upana, wakadhani ndiyo kazi yote, kumbe kuupanga mtande, yaani nyuzi za urefu, uzi kwa uzi, kila mmoja mahali pake na kwa mkazo uleule, kunaweza kula siku nzima kabla ya mshindio wa kwanza kupita. Na anayetumia rangi ya nili atakuonyesha jambo ambalo mimi silichoki kulitazama: kitambaa hutoka pipani kikiwa na rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, kisha hewa inapokigusa huanza kugeuka buluu mbele ya macho yako, kuanzia kwenye mikunjo iliyo juu hadi ile iliyojificha ndani.

Kwa wachongaji wa mawe, omba uone jiwe kabla na baada ya kung'arishwa. Huko Tengenenge, kaskazini mwa Zimbabwe, ambako jumuiya ya wachongaji ilianzishwa mwaka 1966 katika shamba la Tom Blomefield, sanamu husimama nje, kwenye uwanja wa wazi, na mgeni hutembea katikati yake. Jiwe lililosuguliwa kwa msasa huonekana la kijivu na lenye vumbi. Likipashwa moto na kupakwa nta, weusi au kijani kilichokuwa ndani yake hujitokeza ghafla. Mchongaji mara nyingi huacha sehemu bila kuisugua, ikibaki na ngozi yake ya asili, na kumuuliza kwa nini aliikomesha patasi pale alipoikomesha ni swali linalostahili safari nzima.

Kuhusu kuondoka bila kununua, ondoa hofu. Msanii aliyefungua mlango wake anajua kwamba wengi watatazama tu, na wengi wa wanunuzi wake walianza hivyo. Salimu unapoingia, aga unapotoka, sema kwa jina kazi iliyokugusa, na andika anwani yako katika daftari la wageni ukitaka habari zake baadaye. Kinachoumiza ni mtu kusema kwa sauti, mwenye kazi akisikia, kwamba hata mtoto wake angeweza kuifanya. Usiguse kitu kabla ya kuruhusiwa, kwani chombo ambacho hakijachomwa huvunjika hata kwa kubonyezwa kwa kidole. Picha za simu ziombee ruhusa kila mahali, hasa za kazi ambayo haijakwisha. Na kama una watoto, washike mkono: karakana ni mahali pa patasi, asidi na moto.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nimekwisha kupiga simu, na mfinyanzi mmoja ameniambia kwamba joko lake litafunguliwa saa nne asubuhi ya siku ya kwanza, kwa hiyo nitaanzia kwake. Nina swali moja la nyongeza: nikiona bakuli linalonipendeza lakini si la ukubwa ninaoutaka, je, inafaa kuagiza?

Jibu la kwanza

Inafaa sana, na kwa wengi wetu maagizo ya baada ya siku hizo ndiyo yanayotuvusha miezi migumu. Toa vipimo vya chombo kilichokwisha, usijaribu kumpigia hesabu mfinyanzi, kwa sababu udongo hunywea kwa takriban asilimia 10 au zaidi tangu kufinyangwa hadi kutoka kwenye moto wa pili, na kila udongo una kiwango chake. Akitaka arubuni, mpe, na mwandikiane bei na mwezi wa kukabidhi. Kubali pia kwamba rangi haitafanana kabisa na ile uliyoiona, kwani bakuli lililokaa rafu ya juu ya joko na lililokaa ya chini huweza kutoka tofauti katika moto mmoja. Wafinyanzi wengi hutengeneza mawili au matatu kwa agizo moja ili mteja achague; muulize kama naye hufanya hivyo, na kama jibu ni ndiyo, panga kurudi mwenyewe ukachague.