Kulipia kampuni iwe mdhamini wa nyumba Uingereza: unanunua nini hasa?

mpangaji_mpya
Wakuu, habari za kazi. Nyumba iko Leeds, kodi ni pauni 1,200 kwa mwezi. Mshahara ni 31,000 kwa mwaka, wakala anasema hautoshi na anataka mdhamini anayeishi na kufanya kazi hapa Uingereza. Ndugu wote wako nyumbani. Sasa ametuma linki ya kampuni inayodhamini kwa malipo, anasema nikisaini kwao mambo yameisha. Hela ya kushikilia nyumba ameshapokea. Je, anaweza kunilazimisha kutumia kampuni hiyo? Na nikilipa, ni kama bima kwamba nikikosa kazi wao watalipa kodi?

mikataba_kwanza
Nianze na la pili maana ndilo linalowaumiza watu. Hapana, si bima yako. Ni kinga ya mwenye nyumba, ila mnunuzi ni wewe. Ukikwama miezi miwili, kampuni inamlipa mwenye nyumba 2,400, kisha inageuka na kukudai wewe hizo 2,400, pamoja na gharama za ufuatiliaji kama mkataba umeziruhusu. Ada uliyotoa mwanzoni haipunguzi deni hata senti moja. Soma kipengele kinachosema utawarudishia walicholipa. Kwa kawaida kimejificha katikati ya mkataba, si ukurasa wa kwanza.

Kwa nini umeangushwa: hesabu inayotumika sana ni kodi ya mwezi mara 30. Kwako ni 36,000, umepungukiwa 5,000. Kwa mdhamini wengi huzidisha kwa 36, yaani awe na kipato cha 43,200. Hiyo si sheria, ni kipimo cha kampuni zinazokagua wapangaji, na mwenye nyumba anaweza kukilegeza akitaka. Mshahara wako unabeba kodi ya kama 1,030. Kama mwenzi wako anafanya kazi, hata ya muda, mwingize kwenye mkataba kama mpangaji mwenza. Akileta 5,000 tu kwa mwaka mmeshafika, na hamhitaji mdhamini.

sheria_za_nyumba
Swali la kwanza: kwa England, ambako Leeds ipo, hapana. Sheria ya ada za wapangaji ya 2019 inakataza mwenye nyumba au wakala kukulazimisha kuingia mkataba wa huduma au bima na mtu wa tatu. Kukuomba mdhamini anaruhusiwa. Kukuambia "au ukipenda tumia kampuni" anaruhusiwa. Kusema "kampuni hii, la sivyo nyumba hupati" ndipo anapovuka mstari. Mjibu kwa barua pepe, si kwa simu: "Je, kampuni hii ni sharti au ni hiari?" Mawakala wengi hulainika wakiona swali hilo limeandikwa. Akishikilia, peleka malalamiko kwa mpango wa usuluhishi ambao kila wakala lazima awe mwanachama, au kwa halmashauri ya eneo lako, idara ya viwango vya biashara.

Angalia na saa yako. Hela ya kushikilia nyumba isizidi kodi ya wiki moja: 1,200 mara 12, gawanya kwa 52, ni pauni 276.92. Tangu siku aliyoipokea mna siku 15 za kukamilisha mkataba, isipokuwa mmekubaliana tarehe nyingine kwa maandishi. Hapa ndipo mtego ulipo. Kampuni ya udhamini ikichelewa kukagua na siku zikaisha, wakala anaweza kudai wewe ndiye hukuchukua hatua za kutosha, na hela hairudi. Omba nyongeza ya siku mapema, kwa maandishi.

Scotland na Wales zina sheria zao, usichanganye.

mpangaji_mpya
Asanteni sana. Kumbe hata hela ya kushikilia nyumba amechukua kupita kiwango, kachukua 300. Nimesoma fomu ya kampuni, nayo inataka mtu wa kusaini pamoja nami! Si ndiyo mdhamini yuleyule ninayemkosa? Halafu udhamini ni wa miezi 12, ada yote inalipwa mwanzoni.

sheria_za_nyumba
Pauni 23.08 mwombe akurudishie leo. Zilizozidi kiwango ni malipo haramu.

mikataba_kwanza
Baadhi ya kampuni huomba msainiji mwenza hasa kwa mwanafunzi au mtu ambaye kipato kinasuasua, na baadhi yao hukubali mtu aliye nje ya Uingereza. Kwa hiyo ndugu yako aliyeko nyumbani huenda akafaa. Ila mweleze wazi: akisaini, deni likitokea naye atatafutwa. Asidhani anathibitisha tabia yako tu.

Hiyo miezi 12 ndiyo inayonikera. Tangu Mei 1, 2026 mikataba ya upangaji binafsi England haina tena muda maalumu. Inakwenda kipindi hadi kipindi, na mpangaji anaondoka kwa notisi ya miezi miwili. Chukulia ada ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka, yaani pauni 720. Ukihama mwezi wa sita, umelipia miezi sita usiyoishi. Kwa hiyo kabla ya kulipa waulize: nikihama mapema, mnarudisha kiasi gani? Mwezi wa 12 ukipita nami bado naishi humo, nani anasema udhamini uongezwe, na kwa bei gani? Mnadhamini kodi peke yake au na uharibifu? Na kama nyumba ni ya kushirikiana, mnadhamini fungu langu au kodi ya nyumba nzima? Wakijibu kwa simu, waombe waandike.

Kingine, usilipe kabla wakala hajathibitisha kwa maandishi kwamba ataikubali kampuni hiyo. Kuna watu hulipa, cheti cha udhamini kinatoka, mwenye nyumba anakikataa. Jina la kampuni litafute kwenye daftari la Companies House, yaani msajili wa kampuni wa Uingereza, ni bure, uone imesajiliwa lini na kama inawasilisha hesabu.

dirisha_la_kusini
Naongeza vya nyaraka, maana hapo maombi mengi hukwama. Andaa pasipoti, msimbo wa haki ya kupanga (unaoonyesha kwamba unaruhusiwa kupanga nyumba; unaanza na herufi R, hudumu siku 90), hati tatu za mwisho za mshahara, taarifa za benki za miezi mitatu, na barua ya mwajiri yenye tarehe ya kuanza na aina ya ajira. Jina liwe lilelile kila mahali. Benki ikiandika majina mawili na pasipoti matatu, mkaguzi anarudisha faili. Picha ya skrini ya simu wengi hawaikubali, pakua PDF kamili kutoka benki.

Na ule ujanja wa zamani wa kulipa miezi sita mbele ili usamehewe mdhamini, England umekufa. Chini ya sheria hiyo mpya ya Mei 2026 mwenye nyumba hawezi kupokea kodi kabla mkataba haujasainiwa, na ukishasainiwa hawezi kudai zaidi ya mwezi mmoja kabla hujaanza kuishi. Dipoziti nayo haizidi kodi ya wiki tano, kwako pauni 1,384.61, kwa hiyo usikubali "tuongeze dipoziti badala ya mdhamini". Akiba unaweza kuionyesha, usiikabidhi tu.

Kwa wanafunzi wanaosoma uzi huu: ulizeni kwanza ofisi ya makazi ya chuo. Baadhi ya vyuo vinadhamini wanafunzi wao wenyewe, lakini maombi yana tarehe ya mwisho.