Yami no Matsuei: ni ya upelelezi, au masharobaro tu na makoti marefu?

MpeleleziMstaafu: Wakuu, nimeimaliza hii anime (katuni ya Kijapani) ya mwaka 2000 mnayoisifia humu. Kwa ninavyojua mimi, kwenye upelelezi mtazamaji anapewa nafasi ya kumsaka muuaji. Hapa Tsuzuki na Hisoka, shinigami, yaani wafu wanaoshughulikia roho za waliokufa, walioajiriwa na Wizara ya Kuzimu, wanatumwa Nagasaki, maiti zimenyonywa damu, nikakaa sawa. Mara anatokea daktari mwenye nywele za fedha, koti jeupe, jicho moja limefunikwa. Sasa hapo unapeleleza nini tena? Kesi ikikwama, Hisoka anasoma hisia za watu, kwisha habari. Dada zetu wanaiita ya upelelezi kwa ajili ya yale macho ya zambarau ya Tsuzuki. Nibishieni.

BiShani: Ningekujibu ya upelelezi, ila umenigusa na hao "dada zetu". Nyie mnaokesha na wasichana wa sketi za shibiri moja wakipigana na majini, nani amewahi kuwauliza mnapeleleza nini?

Chogo: Kimeumanaaa!

MpeleleziMstaafu: Dada yangu, sketi nimezitaja wapi? Mimi naangalia vitu vya akili.

BiShani: Vya akili! Na huyo wa nywele za pinki uliyemweka kwenye picha ya akaunti yako, alisoma chuo gani?

MwanaKijiji: Turudi kwenye mada. Mimi shida yangu si upelelezi. Hisoka, enzi za uhai wake, alimkuta Muraki, huyo daktari wa koti jeupe, akiua mtu chini ya mti wa sakura usiku. Muraki akamlaani, akamfutia kumbukumbu, laana ikamtafuna miaka mitatu hadi akafa ana miaka 16. Halafu huyo huyo Muraki tunaletewa akimtongoza Tsuzuki na sisi tucheke. Angekuwa na sura mbaya, kuna mtu angemsamehe? Kitisho na utani vinagongana hapo, na hiyo sura ndiyo inamsafisha. Nani ana jibu?

Chogo: Mkuu, hilo gazeti au komenti? By the way Tsuzuki ana shikigami wangapi, yale majini yake ya kumpigania, 8?

KijanaWaKisauni: 12 bwana. Na wewe Mstaafu, ile ya meli uliisinzilia? Queen Camellia: watu wako baharini hakuna pa kukimbilia, wanauawa mmoja mmoja, kumbe humo ndani kuna biashara ya viungo vya binadamu, na yule binti Tsubaki kapandikizwa moyo wa rafikiye. Dalili zote umewekewa mezani. Wataka nini zaidi, uletewe na muhuri?

MpeleleziMstaafu: Ndiyo ile meli Tsuzuki amejifanya mgawa karata, anacheza poka na Muraki, na dau ni Tsuzuki mwenyewe? Huo ndio upelelezi wenu?

BiShani: Kwa mtu asiyeangalia sura, umeikariri vizuri sana.

Chogo: 😂😂😂 Mstaafu toka hapo nje.

MpeleleziMstaafu: Matusi ya nini sasa? Halafu mimi niliangalia yenye sauti za Kiingereza, labda nyie mna nyingine.

KijanaWaKisauni: Ahaa! Sema hivyo tangu mwanzo, tusingepoteza bando hapa. Muraki bila sauti ya Show Hayami, mwigizaji wake wa Kijapani, si Muraki. Akisema tu "Tsuzuki-san" nywele zinakusimama.

MpeleleziMstaafu: Wanafiki nyie. Kijapani hamjui, mnasoma maandishi ya chini halafu mnajitia mnasikiliza.

BiShani: Wewe Kiingereza unakijua? Mbona hukuelewa.

Chogo: Jamani mimi nipo kwa ajili ya Tsuzuki akiota masikio ya mbwa akiona keki, na Tatsumi yule katibu anayebana hela kuliko mhasibu wa kijiji. Hizo kesi mtaniambia nani alikuwa muuaji.

KijanaWaKisauni: Muuaji ni Muraki.

Chogo: Zote?

MpeleleziMstaafu: UMEONA? Ndicho ninachosema tangu asubuhi!

KijanaWaKisauni: Si zote bwana, nimesema kwa kuchoka. Ya yule mpiga fidla aliyepandikizwa konea ya jicho, mkataba wa shetani ule, huyo si Muraki.

MwanaKijiji: Swali langu bado liko pale juu.

BiShani: Kaka, Muraki ni ibilisi, hakuna anayekataa. Mtu anataka mwili wa Tsuzuki apandikizie kichwa cha ndugu yake wa baba mmoja aliyekwisha kufa, ili amuue tena kwa mkono wake. Nani humu amemsifia? Tunasema koti limemkaa.

MwanaKijiji: Hilo koti ndilo swali langu.

MpeleleziMstaafu: Mimi sikusema ni mbaya. Nimesema si ya upelelezi. Kesi ya Kyoto kwa mfano, Tsuzuki kakata tamaa katikati ya moto mweusi wa Touda, shikigami wake mmoja, Hisoka anaingia humo humo kumfuata. Pale hata mimi yalinitoka. Lakini kulia si upelelezi.

Chogo: ALILIA. Mstaafu alilia. Pigeni skrinishoti kabla hajafuta.

BiShani: Nimeshapiga.

MpeleleziMstaafu: Moda, funga huu uzi.