Homeworld: nimekwama Gardens of Kadesh na meli chache, naombeni ushauri

Msafiri_wa_Kharak
Habari za jioni wakuu. Nacheza Homeworld ya 1999, gemu ya kompyuta ya vita vya meli za angani, lile toleo la zamani lililomo kwenye mkusanyo uliotoka 2015. Nimefika misheni ya 7, Gardens of Kadesh, na leo ni siku ya nne sisogei.

Nina frigeti (meli za ukubwa wa kati) za mashambulizi 3, frigeti ya huduma 1, intaseputa (vyombo vidogo vya kivita) 11, koveti (ndogo kuliko frigeti) nzito 4, koveti za kukokotea (za kuteka meli za adui) 2 na wakusanya madini 3. Wale wadogo wa Kadesh, maadui wa misheni hii (mimi nawaita nyigu), wakishuka, intaseputa zangu zinawafukuza hadi mbali, mafuta yanakatika, zinamalizwa hukohuko zikijikokota. Halafu inakuja ile meli ndefu kama sindano, inazuia mtambo wa kuruka kwenda misheni inayofuata, na mimi sina tena cha kuipigia.

Mnaijua gemu hii: meli ikifa leo, misheni inayofuata huna. Hili kundi nimelilea tangu mwanzo, inaniuma kulitupa. Nirudi kwenye sevu ya nyuma au pana njia?

Nahodha_Mzee
Pole mkuu. Usirudi, kundi hilo linatosha.

Acha kabisa kuwafukuza nyigu. Nao wanatumia mafuta, tena tangi lao ni dogo kuliko lako. Watazame: wanapiga dakika chache, kisha wanarudi kujipachika kwenye vyombo vya mafuta wanavyokuja navyo. Vunja hivyo vyombo kwanza. Nyigu asiye na pa kujaza anabaki anaelea, unamwokota polepole. Bonyeza kitufe cha nafasi ufungue ramani ya rada, uvitafute, uwapeleke frigeti wote watatu kwenye kimoja. Wasigawanyike.

Intaseputa na koveti nzito zipe amri ya kuilinda Meli Mama (meli kuu ya kundi lako), mpangilio wa tufe. Frigeti ya huduma ikae karibu nazo, maana ndogo zote zinajaza mafuta kwake.

Bi_Rada
Naheshimu maoni ya Nahodha, ila mimi ningerudi. Msafiri, misheni ya 3 ulikamata frigeti ngapi za Taiidan, wale maadui wakuu?

Msafiri_wa_Kharak
Moja dada, ile inayokamatwa ili watu wake wahojiwe. Nilijua ndiyo inayotakiwa tu.

Bi_Rada
Hapo ndipo udogo wa kundi lako ulipoanzia. Pale wanaoshambulia watu wetu waliogandishwa usingizini ni frigeti nne, na zote zinakokoteka. Koveti mbili zinabeba frigeti moja. Ukiwa na koveti sita au nane, unaondoka Kharak, sayari yetu, na jeshi ambalo hukulilipia hata senti. Tena usibonyeze kuruka kabla hujamaliza madini ya eneo lile. Misheni ikishaisha hakuna anayekukimbiza, waache wakusanye hadi mwisho.

Mimi nilipuuza hilo mara ya kwanza nikaja kulia misheni za mwisho, ndiyo maana nasisitiza.

Nahodha_Mzee
Bi Rada yuko sahihi kuhusu kukamata, sibishi. Lakini kurudi misheni nne kwa ajili ya frigeti tatu ni kazi kubwa, na mbele zipo za kukamata tele. Misheni ya 14 kuna tufe zima la frigeti za ioni limeizunguka shabaha yako. Jaribu kwanza vyombo vya mafuta.

Msafiri_wa_Kharak
Wakuu, nimepita! Nimepoteza intaseputa 5 na koveti nzito 1, frigeti zote zimerudi, moja ikiwa inawaka moto. Vyombo vya mafuta vilipoisha nyigu walizagaa kama majani majini. Meli sindano ilipotokea nilipanga frigeti mpangilio wa ukuta, zikapiga pamoja mpaka ikakimbia. Asanteni sana. Bado sijaruka, nakusanya madini kama Bi Rada alivyosema. Nijenge nini kwa ajili ya misheni ya 8?

Bi_Rada
Hongera kaka! Koveti za kukokotea, zifike sita angalau. Kule utakutana na frigeti za Kadesh zenye miale mingi. Zisubiri ziwe zimeshughulika na meli zako kubwa, ndipo uzivizie kwa nyuma. Hizo huwezi kuzijenga mwenyewe kwenye kampeni nzima, kwa hiyo usiharibu hata moja kama unaweza kuikokota.

Msafiri_wa_Kharak
Nimeanza kujenga ya tatu sasa hivi.